Mwezi Uliohama Upande

Lori lilikuwa limeshawashwa na moshi wake unapanda mpaka dirisha la ghorofani, lakini mtu wa kuondoka nalo alikuwa bado kwenye ngazi za jengo, vyuma viwili vya kusimamishia taa viko begani. Vilikuwa vya mwisho. Taa zenyewe zilipakiwa asubuhi, nyaya zimeviringishwa, jenereta limefungwa kamba kama mbuzi mkaidi. Dereva alikuwa amekwisha kula, amekwisha kunywa, na sasa alikuwa anagongagonga usukani kwa kidole, ile namna ya mtu anayetaka aonekane hana haraka.

Huko juu, katika chumba cha kuhariria filamu, mwanamke waliyemwita Macho alikuwa amesimama dirishani akijifanya anarekebisha pazia.

"Pazia hilo limekukosea nini?" mjomba wake alimwuliza bila kugeuza shingo. "Umelivuta na kulirudisha mpaka limechoka. Njoo ukae."

"Mwanga unaingia, Mjomba."

"Mwanga unatoka. Uko kwenye lori kule chini. Kaa."

Akakaa. Mjomba alikuwa kaka wa mama yake, mhariri wa filamu tangu enzi za kukata mkanda kwa mkasi, mzee wa miwani mbili, moja puani na moja kipajini, na kila mara alikuwa anatafuta ya tatu. Ndiye aliyemwingiza mpwa wake katika kazi hii, na jina la Macho likamwangukia hapo hapo kazini. Maana kazi yenyewe ilikuwa kuangalia. Filamu haipigwi kama inavyotazamwa. Mlango unafunguliwa leo, anayeingia anaingia wiki ijayo, na maneno aliyokuja kuyasema alishayasema mwezi uliopita. Katikati ya vurugu hiyo lazima awepo mtu mmoja wa kukumbuka kwamba ule mlango ulipofunguliwa, mtandio ulikuwa bega la kushoto na jasho lilikuwa halijafutwa. Akikumbuka, hakuna anayejua kwamba yupo. Akisahau, ukumbi mzima utamkumbusha.

Na ukumbi ulikuwa umemkumbusha. Jana yake mwongozaji wa filamu aliita watu waitazame kabla haijatoka. Ilikuwa hadithi ya malkia aliyeahidiwa kuozwa kwa joka tangu akiwa tumboni, na joka lile, mwezi ukitoka, hugeuka mwanamume mzuri wa kuumiza roho. Mwongozaji aliketi nyuma na leso mfukoni, akingoja watu walie. Watu walicheka. Vijana wa safu ya mbele ndio walioanza: mmoja akaona kikombe, mwenzake akaona saa, na baada ya hapo hakuna aliyekuwa anatazama mapenzi tena, kila mtu anawinda kosa.

Leo asubuhi mwongozaji alikuwa amepiga simu. Alisema mambo mawili. La kwanza, makosa yote yatafutwe, na lolote linalotaka kupigwa upya kwa taa lijulikane kabla lori halijaondoka, kwa sababu likishaondoka halirudi. La pili alilisema kwa upole, na ndilo lililouma zaidi: kwamba kwa filamu inayofuata anafikiria kutafuta macho mengine.

Miguu ikapita nje ya mlango. Macho aliijua miguu ile. Aliijua hata ikiwa juu ya zulia.

"Fundi," Mjomba akaita. "Weka hivyo vyuma hapo, uingie. Kama kuna la kupiga upya, ni wewe utakayelipiga."

"Dereva ananingoja, mzee."

"Dereva analipwa kungoja. Ingia."

Fundi taa akaingia. Hakuwa mtu wa sura ya kusimamisha harusi za watu. Alikuwa mrefu, mkimya, viganja vyake vina alama za kuunguzwa na taa, na alikuwa na desturi ya kusimama kando ya mlango kama aliyekuja kutengeneza soketi. Alisema, "Macho," badala ya kusalimia. Naye akajibu, "Fundi." Miezi yote ile ya kupiga filamu, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, kama mtu anaruhusiwa kuyaita mapenzi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha taa alikuwa akimwuliza swali lile lile, "Nimesimama palepale pa jana?" na yeye bila kufungua daftari lake alikuwa akimjibu, "Rudi nyuma nusu hatua." Wala hawakuwahi kuvuka hapo. Siku moja Fundi alimpa maji ya kunywa na vidole vikagusana kwenye chupa, na Macho akakaa na mkono ule siku nzima kama umepakwa dawa.

"Kaeni," Mjomba akasema. "Tunaanza na fedheha ndogo."

Kwenye skrini malkia akainua kikombe cha dhahabu ya karatasi. Kikombe kilikuwa kimejaa. Akanywa, kikawa nusu. Kamera ikamwendea baba yake ikarudi, kikawa kimejaa tena.

"Malkia wetu anakunywa anajaza," Mjomba akasema. "Akiolewa na joka, joka halitapata kiu. Hiyo naikata. Inayofuata."

Inayofuata ilikuwa mlinzi wa mlango wa kasri, mkuki mkononi, ngozi ya mnyama begani, na saa ya mkononi inayometameta.

"Miaka elfu kabla ya saa," Mjomba akasema, "na huyu anajua muda wa chakula."

Fundi akacheka kwa pua. Macho hakucheka. Alikuwa ameuma mdomo wa chini na uso umemwiva. Si kwamba hakuyajua makosa. Lakini kuyaona yakisimamishwa moja moja mbele ya mtu yule, ilikuwa kama kuanikiwa nguo za ndani barabarani.

Mshumaa ukafuata, ule wa mezani pembeni ya kiti cha enzi, mfupi mwanzo wa hotuba, mrefu mwisho wake. "Umekua kwa busara za mfalme," Mjomba akasema. Kisha joka lenyewe, lile la sponji na kitambaa lililochezwa na wanaume watatu waliokuwa wakigombana ndani yake. Linavunjika bawa dirishani, linatoka mlangoni bawa zima.

"Hebu ngoja." Mjomba alirudisha nyuma. Akatazama tena kikombe. Akatazama tena saa. Akaweka kidole chake chenye sugu juu ya kioo, kikombe, akakisogeza, saa, mshumaa, bawa. Miwani ya kipajini ikashuka ikakutana na ya puani. "Kulia," akasema. "Kulia. Kulia. Kulia tena. Mwanangu, kila kosa liko mkono wa kulia wa picha. Huku kushoto hata uzi haukuhama. Kuna mjakazi hapa kushoto, hana hata neno la kusema katika filamu nzima, lakini vishikizo vyake ni vile vile kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hivi jicho lako la kulia linakusumbua?"

"Halinisumbui, Mjomba."

"Basi huku kushoto kulikuwa na nini?"

Macho akatazama magoti yake. Lori likaunguruma kule chini, likatulia.

"Kushoto nilikuwa mimi," Fundi akasema.

Hakulisema kwa majivuno. Alilisema kama mtu aliyeulizwa waya mwekundu unakwenda wapi. Lakini alipokwisha kulisema alilisikia mwenyewe, na uso wake ukabadilika, na akamgeukia Macho polepole sana, kama anageuza taa inayochoma.

Mjomba alivua miwani moja. Alivua na ya pili. Akamtazama mpwa wake, akamtazama fundi, akazivaa zote mbili tena.

"Naenda kutafuta miwani yangu," akasema, na akatoka, na mlango akauacha wazi kidogo kwa heshima.

Filamu iliendelea kwenda yenyewe, bila sauti. Hakuna aliyeisimamisha.

"Mimi nilidhani," Fundi akasema, akaishia hapo. Akaanza upya. "Kila nikiinua macho nilikuwa nakuta unatazama upande wangu. Nikasema, anaangalia kama taa imenyooka. Ndiyo kazi yake."

"Ndivyo nilivyotaka udhani."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Fundi, nimekosea kikombe kwa sababu ulikuwa umekunja mikono ya shati?" Alisema hivyo akataka kucheka, akaacha. "Usinitazame hivyo. Nimeharibu kazi. Jana watu wamecheka mpaka wamefuta machozi, na mwongozaji anatafuta mtu mwingine. Sina la kujitetea. Nitamwambia nini, nilikuwa naumwa?"

"Ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa, ndiyo."

Fundi alikuwa bado amesimama kando ya mlango, na sasa akasogea, akavuta kiti cha Mjomba, akakaa. Goti lake halikugusa la Macho. Lilibaki hapo karibu, na ule upenyo uliokuwa kati yao ulikuwa na joto kama la watu waliokumbatiana.

Kwenye skrini usiku wa filamu ulikuwa umeingia. Malkia alikuwa peke yake uwanjani mwa kasri akilingoja joka ligeuke. Macho alikuwa hatazami, ila macho yake yalikuwa yamezoea kutumwa, yakatazama bila kuulizwa. Akanyoosha mkono akasimamisha picha. Akairudisha. Akaiachia. Akaisimamisha tena.

"Fundi."

"Naam."

"Mwezi umehama."

Fundi akainamia skrini.

"Hapa tunapomwona kutoka mbali, mwanga wa mwezi unatoka kushoto, na kivuli chake kinalala kulia. Hapa karibu, anapomwita, mwanga unatoka kulia." Alimgeukia, na kwa dakika hiyo alikuwa mtu wa kazi tena, paji limekunjamana. "Hili si langu. Kivuli kizima kimegeuka. Jana hakuna hata mmoja aliyeliona, walikuwa wanacheka mshumaa. Hili ni la taa. Hili ni lako."

"Ni langu."

"Wewe hukosei taa."

"Sikuikosea," akasema. "Niliihamisha."

Akangoja aulizwe. Hakuulizwa. Ikabidi aendelee mwenyewe, na maneno yalimtoka kwa tabu, moja baada ya jingine, kama mtu anayevua kiatu kilicholowa.

"Siku ile, usiku huu tukiupiga mchana ili baadaye utiwe giza, asubuhi tulipiga ile ya mbali. Wewe ulikuwa na kiti chako mkono wa kulia wa kamera, mimi na taa yangu kushoto, kama siku zote. Mchana akaja mama yako. Sikusikia mlichosema. Ila tuliporudi kazini ulikuwa umebeba kiti chako, umekileta upande wa kushoto, umekiweka mbele ya taa yangu. Umenipa mgongo. Nikasema labda kuna jua. Nikangoja ugeuke. Hukugeuka. Nikatazama kisogo chako mpaka nikaona siwezi kufanya kazi. Mwongozaji akapiga kelele tuharakishe, wingu linakuja. Nikabeba mwezi nikaupeleka kulia." Alikunja kiganja chake kilichoungua, akakikunjua. "Nilitaka unione, basi. Sikufikiria kivuli."

 Siku ile Macho aliikumbuka kuliko alivyopenda. Mama yake ndiye aliyekuwa dobi wa filamu, nguo zote za malkia na walinzi zilipita mikononi mwake, na alikuwa na macho makali kuliko ya binti yake. Alileta mzigo wa nguo mchana ule, akasimama dakika moja tu pembeni, akaona anayetazamwa. Akamvuta binti yake nyuma ya pazia la mandhari. "Yule ni mtu wa kuondoka," alimwambia. "Mimi nawajua. Nilimfulia mmoja shati, akaniambia nilianike, atalivaa kesho. Mpiga tarumbeta, bendi ya kuzunguka. Shati hilo ndilo nililokufunikia ulipozaliwa, mwanangu. Sitaki kufua la pili." Wala hakulia aliposema hivyo, na ndiyo maana Macho alibeba kiti.

"Kwa hiyo nilikupa mgongo," akasema sasa, "na wewe ukazunguka na mwezi."

"Nilizunguka nao."

"Mwehu wewe."

"Nimeambiwa."

Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko cha pumzi tu, na kilipokwisha walikuwa wanatazamana bila kitu cha kujifichia. Mkono wa Fundi ulikuwa juu ya meza. Wa Macho ulikuwa karibu nao. Hapo ngazi zikalia, na sauti ya Mjomba ikaja mbele yake kwa makusudi, kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Karibu dada, karibu, pita, tahadhari na hicho chuma."

Mama aliingia amebeba gauni la malkia juu ya mikono yote miwili, lile jeupe la uwanjani, limefuliwa na kupigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata. Fundi alisimama haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama kuanzia viatu. "Bado upo? Nimepita chini nikasikia lori, nikadhani umeshapanda."

"Bado, mama. Kuna kazi kidogo."

"Kazi kidogo haiishi kwenye nyumba hii. Na huko unakokwenda, unarudi lini?"

Macho akasema, "Mama."

"Nauliza tu. Mtu haulizwi?"

"Sijui, mama," Fundi akasema. "Nikisema najua nitakuwa nakudanganya. Kazi zetu moja huzaa nyingine."

Mama akamtazama tena, safari hii usoni. "Mh," akasema. "Angalau husemi kesho." Akageukia nguo yake. "Pindo lilikuwa limefunguka, nimelishona. Mnaliweka wapi?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Mjomba ikatetemeka mezani ikajizungusha kama mende aliyelala chali. Mjomba akaitazama. Akaisukuma mbele ya Macho.

"Mwongozaji. Mjibu wewe. Wewe ndiye wa kuangalia."

Akaipokea. Sauti ya mwongozaji ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya, na kila mtu chumbani aliisikia.

"Macho, nina dereva ananipigia kila saa. Nipe jibu moja. Kuna kitu kinachotaka taa? Likiwepo kosa la taa, lori lishushe, tukae wiki tulipige upya, malkia nitamwita. Kama halipo, liondoke. Lipo?"

Lilikuwepo. Lilikuwa mbele yake kwenye skrini, kubwa, mwanga wa mwezi unatoka pasipo mwezi. Gauni lilikuwa mikononi mwa mama yake, limepigwa pasi, lingevaliwa hata jioni ile. Taa zilikuwa chini, hazijatoka getini. Wala isingekuwa hila. Kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze, kusema kweli na kupata alichokitaka vilikuwa kitu kimoja, na zaidi ya hapo kazi yake ingepona, maana kosa ambalo ukumbi mzima haukuliona, macho yake ndiyo yangekuwa yameliona. Alimtazama Fundi. Fundi alikuwa amesimama wima kabisa, ameshika nyuma ya kiti, na uso wake ulikuwa unaomba waziwazi.

"Kikombe Mjomba anakikata," Macho akasema kwenye simu. "Saa ataificha. Bawa ataliruka. Mshumaa tutaona."

"Na taa?"

"Kwa taa hakuna."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi waambie waondoke." Simu ikakatika.

Fundi alikuwa bado ameshika kiti. "Macho," akasema, taratibu. "Mwezi."

"Nimeuona."

"Sasa mbona?"

"Tungeurudisha mahali pake," akasema. "Wiki moja tungeurudisha, ukakaa sawa, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba uliwahi kutoka. Mimi ningebaki na nini? Halafu siku ya mwisho lori lingewashwa tena pale chini, na mimi hapa dirishani na pazia. Kuachwa mara moja nitajikaza. Mara mbili siwezi, Fundi. Nimejipima, siwezi."

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi dogo la ukutani, na gauni lile alilolipiga pasi nusu siku alikuwa amelikalisha mapajani, amelifumbata, linajikunja lote na yeye haoni. "Mnazungumza kuhusu nini?" akamwuliza kaka yake. "Kuna nini hapo?"

"Mwezi, dada."

Mama akautazama mwanga kwenye skrini. "Mimi naona mwezi tu."

"Ndio huo huo."

Fundi akaachia kiti. "Dereva ana nafasi mbele," akasema. Alikuwa anamwambia Macho, lakini aliligeuza neno katikati ya njia, likamfikia mama pia, maana hakuwa mtu wa kuiba. "Kiti kiko wazi. Sina nyumba ya kukuonyesha, na mama yuko hapa anasikia, sitaki kuongeza chumvi. Nina kazi, nina mikono. Twende."

Kule chini lori likaunguruma tena. Macho alimtazama mama yake. Angependa mama yake apige kelele, akatae, ashike mlango, kwa sababu mtu anaweza kuvuka mlango ulioshikwa. Mama hakushika kitu.

"Mimi sikukatazi," mama akasema. "Nilichokuwa nacho nilishakisema. Wewe ni mtu mzima." Akaanza kulinyoosha gauni kwa kiganja, hapa, hapa, na hapa. "Nitarudi nyumbani mwenyewe. Kamba zimejaa nguo na wingu linakuja, lakini nitaanua mwenyewe. Nimezoea."

Ndilo lililomshinda. Kama kuna mwanamke anayeweza kuruka juu ya neno hilo, Macho hakuwa yeye.

"Nitakusindikiza mpaka getini," akamwambia Fundi.

Walishuka ngazi, yeye akabeba chuma kimoja na Fundi kimoja. Uwanjani kulikuwa na vipande vya kasri vimeegemezwa ukutani, mnara umelala ubavu, na kichwa cha joka kikiwa juu ya pipa la maji kinatazama mbingu kwa jicho moja. Dereva alipowaona alizima redio, kisha akaona nyuso zao akaiwasha tena, kwa sauti ndogo.

Fundi alipakia chuma chake. Akapokea cha Macho, na safari hii hakukipokea kwa haraka, mikono yao ikakaa juu ya chuma kimoja muda mrefu kuliko uzito wake.

"Nikipiga simu utapokea?"

"Nitapokea."

"Nikisema narudi?"

"Usiseme. Ukirudi nitakuona."

"Wewe?" akasema, na akajaribu kutabasamu. "Kama nitarudi upande wa kulia hutaniona."

"Nitakuona."

Alitaka kumgusa shavu. Aliinua mkono, akaona kiganja chake kina mafuta ya kamba, akakifuta kwenye suruali, na alipokwisha kukifuta dereva alikuwa ameshatia gia. Kwa hiyo akamgusa haraka, kwa mgongo wa vidole, chini ya sikio, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kumgusa, akapanda.

Lori likatoka. Macho alisimama hapo getini akiangalia. Aliona kila kitu: kamba iliyolegea upande wa jenereta, taa moja ya nyuma imepasuka, turubai lenye kiraka cha bluu, mkono wa Fundi umetoka dirishani, haupungi, umelala tu juu ya mlango. Angeweza kuyasema yote hayo baada ya miaka bila kukosea hata moja. Barabara ikapinda. Mkono ukapinda nayo. Akabaki ameshika geti, na mwili wake wote ulikuwa unamwambia kimbia, na miguu haikuwa imeambiwa.

Aliporudi juu mama yake alikuwa ameshaondoka kwenda kuanua nguo. Mjomba alikuwa anakata kikombe.

Filamu ilitoka msimu ule ule. Ilipendwa kiasi. Mshumaa haukuweza kurekebishwa na watu waliucheka kila mahali. Mwezi waliuona wachache, na mtu mmoja anayeandika magazetini alisema ni kosa kubwa kuliko yote na akauita uzembe wa hali ya juu. Mwongozaji alisoma, akampigia Macho, akamwuliza kama kweli hakuliona. Macho akasema hakuliona. Mwongozaji hakumwita tena, filamu iliyofuata alimweka binti wa dada yake.

Mjomba alihariri filamu nyingine nne, macho yakafifia, akaacha. Sasa ana duka la miwani.

Fundi taa alipiga simu karibu kila wiki kwa muda wa mwaka, baadaye mara chache, baadaye sikukuu tu. Alianguka kutoka kwenye ngazi katika ukumbi mmoja wa maonyesho mbali sana na hapo, akavunjika mguu, akauguzwa na mshonaji wa mavazi wa ukumbi huo, wakaoana. Wana binti wawili. Anauza vifaa vya umeme na hasafiri tena.

Mama aliendelea kufua mpaka magoti yalipokataa. Alifariki nyumbani kwake, binti yake akiwa kando.

Macho alifanya kazi kwa waongozaji wengine, na wote walimsifu. Alichelewa kuolewa. Alimchukua mwalimu wa hesabu aliyefiwa na mke, na wana mtoto mmoja wa kiume. Wanaishi katika nyumba ile ile ya mama. Mumewe ni mtu mwema, anapenda utulivu, na tangu wamekaa pamoja hajalala nje ya nyumba.